Damu ya mtoto ndani ya damu ya mama: Tusizipoteze saa 72

Katika maajabu ya uumbaji ambayo Mwenyezi Mungu (S.W.) ametutaka tuyatafakari, limo hili la mama na mtoto aliye tumboni. Wanakaa pamoja miezi tisa, mmoja ndani ya mwingine. Mtoto anapata chakula chake kwa mama, anapata hewa safi kwa mama, na uchafu wa mwili wake unatolewa na mama. Hata hivyo damu zao ni mbili. Ya mtoto inazunguka katika mishipa yake na ya mama katika mishipa yake, na baina yao lipo kondo la nyuma, pazia jembamba linalopitisha chakula na hewa, likizizuia chembe za damu zisivuke.

Lakini pazia hilo si ukuta. Wakati wa ujauzito, na hasa wakati wa kujifungua kondo linapobanduka, chembe za damu ya mtoto hupenya na kuingia katika damu ya mama. Kwa akina mama walio wengi chembe hizo hupotea bila kuacha athari yoyote. Kwa baadhi yao, matone machache tu yanaweza kuwa sababu ya kuangamia mtoto mwingine, ambaye mimba yake bado haijatungwa. Tumeona tuandike juu ya matone hayo, namna maabara inavyoyahesabu, na kwa nini kila familia ya Kiislamu inapaswa kujua kwamba hesabu hiyo ipo na kwamba ina muda wake maalumu.

Alama ya kujumlisha na alama ya kutoa

Wengi wetu tunayajua makundi ya damu ya A, B, AB na O, ambayo msingi wake uliwekwa na Karl Landsteiner mjini Vienna mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1940 mtaalamu huyo huyo, akiwa Marekani pamoja na Alexander Wiener, alitangaza alama nyingine iliyo juu ya chembe nyekundu za damu, ikaitwa Rhesus. Aliye nayo huitwa Rhesus chanya, na asiye nayo huitwa Rhesus hasi. Ndiyo maana kwenye kadi ya kliniki ya mama mjamzito, mbele ya herufi ya kundi lake la damu, huandikwa alama ya kujumlisha au ya kutoa.

Huko Ulaya watu wapatao 15 katika kila 100 ni hasi. Kwetu Afrika Mashariki ni wachache zaidi, na uchache huo ndio unaolifanya jambo lenyewe lisahaulike. Alama ndogo ya kutoa huandikwa, kadi ikakunjwa, na mama akarudi nyumbani bila kuambiwa maana yake.

Kuwa Rhesus hasi si ugonjwa wala si kasoro. Mtu huishi umri wake wote akiwa hivyo na asipungukiwe na kitu. Tatizo hutokea pale mama aliye hasi anapobeba mtoto aliye chanya, aliyeirithi alama hiyo kwa baba yake. Chembe za mtoto zikiingia katika damu ya mama, mwili wa mama huiona alama usiyoijua, ukaihesabu kuwa ni ya adui, na ukaanza kutengeneza kingamwili za kupambana nayo. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kwa kuwa damu nyingi hupenya siku ya kujifungua, mtoto wa kwanza kwa kawaida huwa amekwisha kutoka salama.

Hatari ni kwa mtoto atakayefuata, kwa kuwa mwili hausahau. Mimba nyingine ya mtoto chanya ikija, kingamwili zile, ambazo kondo huziruhusu kupita, huvuka na kuanza kuzivunja chembe za damu za mtoto. Mtoto hupungukiwa na damu, moyo wake huelemewa, mwili wake huvimba kwa maji, na pengine hufia tumboni. Anayezaliwa hai huweza kupata umanjano mkali tangu siku yake ya kwanza duniani, na umanjano huo ukifika kwenye ubongo unaweza kumwachia uziwi au ulemavu wa viungo. Mara nyingi kila mimba inayofuata huwa nzito kuliko iliyotangulia.

Sindano yenye kipimo

Katika miaka ya 1960 watafiti wa Liverpool, Uingereza, na wenzao wa New York, Marekani, walithibitisha kwamba mama akichomwa kingamwili kidogo zilizokwisha kutengenezwa, chembe za mtoto husafishwa kabla mwili wa mama haujapata nafasi ya kujifunza kuzitambua. Sindano hiyo, iitwayo anti-D, iliidhinishwa Marekani mwaka 1968. Kabla yake, takriban akina mama 16 kati ya kila 100 walio hasi waliozaa watoto chanya walijikuta wametengeneza kingamwili. Sindano inayochomwa baada ya kujifungua iliishusha idadi hiyo hadi mmoja au wawili, na ile inayoongezwa wiki ya 28 ya ujauzito ikaishusha chini ya mmoja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sindano hii ina kipimo. Dozi ya mikrogramu 300, ambayo hutumika katika nchi nyingi, hutosha kusafisha takriban mililita 30 za damu ya mtoto, yaani kiasi cha vijiko viwili vya chakula. Akina mama walio wengi huingiwa na kiasi kidogo mno kuliko hicho. Lakini takriban watatu katika kila 1,000 wanaojifungua huwa wameingiwa na damu nyingi zaidi. Mama wa namna hiyo akipewa dozi moja, ataruhusiwa kurudi nyumbani akiamini kwamba amekingwa, ilhali kinga yake ni pungufu. Ni nani atakayejua kwamba huyu ni mmoja wa wale watatu? Hapo ndipo inapohitajika maabara.

Kama anayechambua mchele

Mwaka 1957 wataalamu watatu wa Ujerumani, Enno Kleihauer, Hildegard Braun na Klaus Betke, walieleza njia ya kuziona chembe za mtoto zilizojificha katika damu ya mama. Hadi leo kipimo hicho hujulikana zaidi kwa jina la Kleihauer. Msingi wake ni tofauti moja ambayo Muumba ameiweka kwa hekima yake. Himoglobini, ile rangi nyekundu inayobeba hewa katika damu, si moja kwa mtoto aliye tumboni na kwa mtu mzima. Ya mtoto huishika hewa kwa nguvu zaidi, ili aweze kuipokea kutoka kwa mama yake, na pia hustahimili tindikali.

Mtaalamu wa maabara huchukua damu ya mama, akaipaka tabaka jembamba juu ya kioo, akaikausha na kuiimarisha kwa spiriti, kisha akaitumbukiza katika maji yenye tindikali kwa muda mfupi. Himoglobini ya mama hutoka ikaisha, na ya mtoto hubaki mahali pake. Ikishatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, chembe za mama huonekana kama vivuli vitupu, na chembe za mtoto huonekana nyekundu iliyokolea, mithili ya punje za kunde zilizoangukia kwenye ungo wa mchele. Kazi inayobaki ni ya subira: kukaa na kuhesabu.

Tuchukue mfano. Mtaalamu amehesabu chembe 2,000 na kukuta 20 ni za mtoto. Hiyo ni moja katika kila 100. Damu ya mama hukadiriwa kuwa lita tano, kwa hiyo damu ya mtoto iliyopenya ni mililita 50. Dozi moja hutosha mililita 30 tu. Hamsini ukiigawa kwa thelathini unapata zaidi ya moja na nusu, hivyo hesabu hupandishwa kuwa mbili, na katika utaratibu unaotumika Marekani huongezwa dozi moja ya tahadhari, zikawa tatu. Mama huyu angechomwa sindano moja ya mazoea, karibu nusu ya matone yale yangebaki yakizunguka katika mwili wake.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Mama mwenye selimundu au thalasemia anaweza kuwa na chembe zake mwenyewe zilizobaki na himoglobini ya utotoni, na mhesabuji akazidhania kuwa ni za mtoto. Kwa hiyo mwenye maradhi hayo, au aliyerithi sehemu yake, awaeleze wahudumu mapema. Zipo pia mashine za kisasa zinazozitenganisha chembe kwa mwanga wa leza na kutoa hesabu yenye uhakika zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Kipimo cha Kleihauer hakihitaji hayo. Kinahitaji hadubini, kioo, dawa chache na macho yaliyofunzwa. Hospitali isiyokifanya inaweza kuipeleka damu kwenye maabara kubwa zaidi, mradi ichukuliwe mapema baada ya kujifungua na kabla ya sindano kuchomwa.

Kipimo hicho kina faida nyingine hata kwa mama aliye chanya. Mtoto akizaliwa amepauka mno, au akafia tumboni bila sababu kuonekana, hesabu ya chembe zake katika damu ya mama inaweza kuonyesha kwamba alivuja damu kuingia kwa mama yake. Jibu hilo halimrudishi aliyeondoka, lakini huifunga milango ya dhana mbaya na minong'ono.

Siku tatu kabla ya akika

Sindano ya anti-D inatakiwa ichomwe ndani ya saa 72 tangu damu zilipokutana. Ikichelewa bado inaweza kuwa na faida kidogo, na daktari asiache kuulizwa, lakini nguvu yake ni ndani ya siku tatu hizo. Tuzilinganishe na kalenda ya nyumba zetu. Akika ni siku ya saba. Mama hutoka hospitali siku ya pili, nyumba ikajaa wageni, uji ukapikwa, mtoto akapokezanwa mikononi, na kabla mbuzi hajanunuliwa muda wa sindano umekwisha pita.

Tena siku ya kujifungua si siku pekee ya hatari. Damu zinaweza kukutana mimba inapotoka, mimba inapotunga nje ya kizazi, mama anapotokwa na damu akiwa mjamzito, anapoanguka au kupigwa tumboni, anapopata ajali ya gari au ya bodaboda, kondo linapoachia kabla ya wakati, au daktari anapomgeuza kwa mikono mtoto aliyekaa vibaya. Katika kila hali hizo mama aliye hasi anastahili kuangaliwa, na mimba ikiwa kubwa, hesabu ya maabara huonyesha kama dozi moja inatosha.

Hapa kuna tabia yetu moja inayotudhuru. Mimba ikitoka, familia nyingi hulifanya jambo hilo kuwa siri. Binti hupelekwa kwa mama yake, akapewa dawa za kusafisha tumbo, na mama mkwe akaomba lisisemwe nje. Sitara ni jambo jema katika dini yetu, lakini sitara haiwahusu daktari na mkunga. Mimba iliyotoka kimyakimya nyumbani inaweza kuwa ndiyo iliyoufundisha mwili wa mama kupambana na mtoto atakayefuata.

Sisi wa kamati ya msikiti tunalijua jambo hili kutokana na shughuli zetu. Taarifa ya kichanga cha kuzikwa hutufikia haraka, na alhamdulillah sanda, kaburi na watu hupatikana kabla ya adhuhuri. Maswali yanayoulizwa ni ya makaburini. Swali la kundi la damu la mama aliyelala ndani na huzuni yake halisikiki, na saa zake 72 zinaendelea kuhesabika.

Ipo familia moja ya mtaani kwetu ambayo, baada ya mtoto wa kwanza aliye na afya, ilizika vichanga viwili mfululizo. Yalisemwa mengi. Wapo waliosema ni kijicho, wapo waliosema ni jini, na wapo waliomshauri mume aoe mwingine kwa sababu huyu "hana kizazi cha kuishi". Kisha bibi mmoja jirani, mkunga mstaafu, akaomba aione kadi ya kliniki ya mimba ya kwanza. Ilikuwa kabatini kwa miaka sita. Imeandikwa O, na mbele yake alama ya kutoa. Sindano haikuweza tena kumsaidia yule mama, kwa kuwa mwili wake ulikwisha kujifunza. Kilichobaki ni mimba zake kufuatiliwa hospitali ya rufaa tangu mwanzo, ambako kingamwili hupimwa mara kwa mara na mtoto huandaliwa damu. Mume, Allah amlipe heri, alikataa kumwacha mkewe.

Dini inasemaje

Baadhi ya waumini wakisikia kwamba anti-D hutengenezwa kwa maji ya damu ya watu wengine, huingiwa na shaka. Shaka hiyo ni ya kuheshimiwa, na jibu lake lipo. Wanazuoni wengi wa zama zetu wamejuzisha kutiwa damu na vinavyotokana na damu pale penye haja ya tiba na pasipo na mbadala, kwa kuwa kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia. Wamebainisha pia kwamba damu haileti udugu kama unavyoletwa na maziwa ya kunyonya, kwa hiyo mtu asihofu kwamba ametiwa undugu na asiyemjua.

Dawa yenyewe hupatikana kwa ukarimu wa wanadamu. Raia wa Australia, James Harrison, aliyetiwa damu nyingi alipopasuliwa kifua akiwa kijana, aliazimia kulipa wema huo. Damu yake ilikutwa na kingamwili hizi kwa wingi, naye akaitoa mara 1,173, tangu mwaka 1954 hadi 2018 alipozuiwa na umri wa miaka 81. Alifariki mwaka 2025. Sisi ambao tumefundishwa kwamba kuiokoa nafsi moja kuna uzito mkubwa mbele ya Mola wetu, ndio tunaostahili zaidi kuonekana kwenye foleni ya kuchangia damu.

Kwa waume, yapo mawili ya kukumbuka. La kwanza, alama ya mtoto chanya imetoka kwa baba. Ikiwa lazima lawama itafutiwe mwenyewe, basi haiwezi kubebeshwa mke peke yake. Ukweli ni kwamba hakuna wa kulaumiwa. Ni maumbile aliyotuumbia Allah. La pili, wazazi wote wawili wakiwa chanya wanaweza kumpata mtoto aliye hasi, kwani alama hurithiwa kwa njia iliyofichika. Asije mtu akaitazama kadi ya mtoto na kumtuhumu mkewe. Kumtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi ni dhambi kubwa, na herufi ya kundi la damu si shahidi.

Lililo mikononi mwetu

Kujua ni jepesi kuliko kuzika. Kila binti anayekaribia kuolewa na ajue kundi lake la damu pamoja na alama yake, na mume vilevile. Mama mjamzito akiwa hasi, mume aende naye kliniki na waulize mambo manne: kama amepimwa kingamwili, kama atapewa sindano ya wiki ya 28, kama damu ya mtoto itapimwa mara tu akizaliwa, na kama mtoto akiwa chanya zipo njia za kuzihesabu chembe zake katika damu ya mama. Mtoto akiwa hasi kama mama yake, sindano haihitajiki tena. Kadi ya kliniki itunzwe kama inavyotunzwa cheti cha ndoa, na alama ya kutoa itajwe kila mama anapoonwa na mhudumu mpya.

Dawa hii ni ghali kwa familia nyingi na haipatikani kila mahali, hivyo itafutwe mwezi wa saba, si usiku wa uchungu. Hapa misikiti ina nafasi yake. Mifuko yetu ya maziko imezoeleka na inafanya kazi nzuri. Tunapendekeza kila kamati itenge sehemu ndogo ya michango ya Ijumaa kwa ajili ya sindano ya mama asiyejiweza, na imwombe mkunga au daktari Muislamu azungumze na akina mama baada ya darasa, angalau mara moja kwa mwaka. Sanda itanunuliwa siku zote, kwa kuwa kifo ni haki. Sindano ina siku tatu tu.

Tumefundishwa kutafuta tiba na kisha kumtegemea Allah, na hayo mawili hayagongani. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu, awajaalie watoto wetu kuwa kitulizo cha macho, awape subira waliozika vichanga vyao, na avifanye vichanga hivyo kuwa waombezi wao Siku ya Kiyama. Amin. Wallahu aalam.